Mpagazi Hakulipa Ada

Nilimkuta mpwa wangu katika steshenari moja mjini Tabora, amesimama mbele ya mashine akisubiri vyeti vyake viskaniwe. Kijana wa duka alikuwa anaviweka kimoja kimoja juu ya kioo: cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, kisha shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Kiingereza. Kona ya cheti cha shahada ilikuwa imejikunja. Mpwa wangu aliinyoosha kwa kidole gumba, taratibu, mara mbili, ndipo akakitoa mkononi.

"Mjomba, nimepata koneksheni," aliniambia. "Kuna wakala Dar anapeleka walimu wa Kiingereza Asia. Imebaki ada tu."

Ada yenyewe ilikuwa shilingi 1,200,000, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza alikuwa ameshaituma kwa simu. Ilikuwa fedha ya tumbaku ya baba yake, shemeji yangu, mkulima wa Urambo. Nikamuuliza jina la shule anayokwenda kufundisha. Hakulijua. Nikamuuliza mji. Akasema wakala atamwambia akimaliza awamu ya pili.

Kijana simlaumu. Ana miaka minne tangu ahitimu chuo, na yote minne anajitolea katika sekondari ya kata kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, pale michango inapopatikana. Ninachokilaumu ni rai aliyoibeba, kwa sababu si yake peke yake. Naisikia kwenye bajaji, vijiweni, kwenye mahafali na hata ndani ya vyumba vya walimu. Inasema hivi: ukitaka kufundisha Kiingereza nje ya nchi, mtafute wakala, mlipe, umwachie yeye mambo yote.

Nitaieleza rai hiyo kwa haki kabla ya kuipinga. Wanaoiamini wana hoja. Nafasi za serikali ni chache: katika usaili wa ualimu ulioanza Januari 2025, waombaji zaidi ya 200,000 walikuwa wakigombea nafasi zisizofika 15,000. Kiingereza kina soko Asia na Ghuba. Taratibu za viza ni ngumu na zimeandikwa kwa lugha ya kiofisi. Kijana wa Sikonge au Kaliua hana ndugu ubalozini. Wakala, wanasema, anaijua njia, na ada yake ni mtaji utakaorudi kwa mshahara wa miezi miwili. Tena wapo waliokwenda kwa njia hiyo na leo wanajenga.

Hoja hizo nimezisikiliza kwa muda mrefu. Naona kila moja, ukiifuata hadi mwisho, inamgeuka aliyeitoa.

Kwanza: "Wakala ana mlango"

Mlango wa kuingia nchi ya watu uko mikononi mwa serikali ya nchi hiyo, na masharti yake yametangazwa hadharani. Korea Kusini ina viza ya ualimu wa lugha iitwayo E-2. Kwa walimu wa Kiingereza, viza hiyo kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. China, kwa kanuni yake ya jumla, hutaka mwalimu wa lugha ya kigeni awe anafundisha lugha yake ya mama, na awe na shahada. Thailand huwapokea walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, lakini huwadai shahada, uthibitisho wa kiwango cha lugha, kibali cha kazi, na leseni au ruhusa ya baraza lao la walimu.

Hakuna sharti hata moja kati ya hayo ambalo wakala wa Dar es Salaam ana uwezo wa kulibadilisha. Hawezi kukupa uraia wa Ireland. Hawezi kukufanyia mtihani. Kama umetimiza masharti, mlango uko wazi na unaweza kuugonga mwenyewe, kwa sababu shule hutangaza nafasi zao na balozi hutangaza taratibu zao. Kama hujayatimiza, mlango umefungwa, na ada hainunui ufunguo.

Hapo ndipo wakala asiye mwaminifu anapotoa neno lake la siri: viza ya utalii. "Utaingia kama mtalii, ukifika shule itakubadilishia." Mpwa wangu aliambiwa maneno hayo hayo baada ya kulipa awamu ya pili. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi kinyume cha sheria faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini kati ya siku 5 na 15. Anayewekwa ndani ni mwalimu. Wakala yuko Dar es Salaam, na ada ameshaipokea.

Pili: "Ada ni mtaji"

Hapa naomba tuitazame njia yetu wenyewe, maana Tabora iliijua biashara ya kupeleka watu kazini mbali kabla ya miji mingi ya nchi hii.

Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa kazi, watu wa ujira. Walitembea kutoka Unyanyembe, eneo hili la Tabora, hadi Bagamoyo na kurudi, wakipita Ugogo na Mpwapwa, na wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kabla ya safari kuanza, mpagazi alipokea sehemu ya ujira wake mkononi, kwa kitambaa au kwa fedha. Njiani alikuwa na haki ya posho, yaani chakula. Posho ikikatwa, aliweka mzigo chini na msafara ukasimama hadi mambo yasuluhishwe. Mbele yao alitangulia kirangozi, na mara nyingi alikuwa mwenzao aliyebeba mzigo kama wao.

Mawakala walikuwepo hata wakati huo. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, aliwapatia wasafiri na wafanyabiashara wapagazi kwa mamia. Lakini aliyemlipa Sewa Haji ni msafiri aliyehitaji watu. Mpagazi hakulipa ada ili apewe mzigo wa kubeba. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, msafiri David Livingstone alikaa zaidi ya miezi mitano mwaka 1872, kuanzia Machi hadi Agosti, akisubiri wapagazi ambao mwenzake Stanley alikwenda kumwajiria pwani. Mwenye safari ndiye aliyesubiri, na mwenye safari ndiye aliyegharamia.

Tusogee mbele hadi enzi ya Waingereza. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kutoka mikoa hii ya magharibi vijana walipakiwa kwenye treni ya reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912, wakapelekwa Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Ulikuwa mfumo wa kikatili na siutetei. Ila hata mfumo huo, uliomfanya mtu kuwa namba, ulimtoza mwenye shamba gharama za kumwandikisha na kumsafirisha mtu huyo.

Sasa mtazame mwalimu wa leo mwenye shahada. Yeye ndiye anayelipa. Analipa ada ya usajili, ada ya kuchakata viza, ada ya mafunzo, ada ya kushikilia nafasi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika ibara ya 7 kwamba wakala binafsi wa ajira hatamtoza mfanyakazi ada wala gharama, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, na kanuni hiyo inaweza kulegezwa kwa masharti maalumu tu. Sababu yake inaeleweka bila kusoma sheria: anayelipa ndiye anayehudumiwa. Wakala anayelipwa na shule kwa kuleta mwalimu anayefaa atajali kama mwalimu anafaa. Wakala anayelipwa na mwalimu siku ya kujiandikisha ameshamaliza biashara yake siku hiyo. Kinachomletea faida ni wingi wa wanaojiandikisha, wala si idadi ya wanaofika na kupata kazi.

Mtaji hurudi na faida. Fedha ambayo haina risiti yenye jina la shule, haina tarehe na haina sharti la kurudishwa, mkulima wa Urambo angeiita hasara.

Tatu: "Mkataba wa wakala ni kinga"

Kinga ya nani? Ukisoma mikataba hiyo kwa makini utakuta mara nyingi pande mbili zilizotajwa ni wewe na wakala. Shule haimo. Mwajiri ambaye hajatia sahihi hadaiwi kitu. Na mahali ambapo wakala ndiye mwajiri wako na shule inakukodi kutoka kwake, shule humlipa yeye, naye hukata sehemu yake kila mwezi kabla hujaona senti. Ipo mikataba ya miezi kumi badala ya kumi na miwili. Likizo ndefu ikifika huna mshahara, na kodi ya nyumba iko palepale.

Kisha kuna mkataba wa pili, ule unaowekwa mezani ukishafika, wenye mshahara mdogo na saa nyingi kuliko ule uliosaini nyumbani. Dada zetu wanaujua. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Yalielezwa mambo ambayo familia nyingi za Bara na Zanzibar zilikuwa zimeshayasikia kwa simu za usiku: pasipoti kuchukuliwa, mishahara pungufu ya ile iliyoahidiwa, saa za kazi zisizo na mwisho. Wengi wao walipitia kwa mawakala.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu si mfanyakazi wa ndani. Ni kweli kwamba darasani kuna macho mengi kuliko jikoni. Lakini pasipoti ni pasipoti. Njia ile ya misafara ilipitisha wapagazi wa ujira, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo shingoni, na wote walikanyaga vumbi lile lile la Unyanyembe. Tofauti yao ilikuwa moja: mpagazi aliweza kutua mzigo akaondoka. Mtu aliyenyang'anywa pasipoti katika nchi ya watu, akiwa na deni nyumbani, hawezi kutua mzigo. Shahada yake haimsaidii hapo.

Nne: "Mbona fulani amefanikiwa?"

Amefanikiwa, na namtakia heri. Lakini muulize vizuri. Waliofanikiwa niliowahi kuzungumza nao walikuwa na shahada inayotakiwa, walifanya mtihani wa lugha, walifanya mahojiano na shule yenyewe kwa video, na walikwenda na viza ya kazi. Hayo ndiyo yaliyowafikisha. Mtu mwenye vitu hivyo vinne angefika hata kama angetuma maombi mwenyewe.

Na walioshindwa wako wapi? Wako kimya. Kijana aliyeuza ng'ombe wa baba yake kwa ahadi isiyotimia hapandi jukwaani kusimulia. Anarudi usiku, anakaa kwa rafiki Kahama au Mwanza, anawaambia wa nyumbani viza bado inashughulikiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya tunayaficha kwa pamoja. Kwa hiyo mtaa unawahesabu waliofika na hauwahesabu waliopotea, kisha unasema njia ni salama.

Wapo waliopotea kweli. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuwaokoa raia wake walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta wamevushwa hadi Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni yenye walinzi wenye silaha. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na 100,000 hivi Cambodia wameshikiliwa katika kazi hizo. Windo la matapeli hao ni mtu aliyesoma, anayejua kompyuta na anayezungumza Kiingereza vizuri. Hizo ndizo sifa za mwalimu wetu asiye na ajira.

Tano: "Wakala anakutengenezea wasifu"

Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote. Wapo mawakala wanaomwambia mwalimu Mwafrika ajitambulishe shuleni kuwa ametoka Afrika Kusini au Marekani, abadilishe lafudhi, atumie jina la kwanza la kizungu, asiseme kwao ni wapi. Vijana wanakubali, wanadhani ni ujanja wa soko.

Pima jambo hilo kwa mizani ya akili. Wakala anayeidanganya shule kuhusu wewe, nini kitamzuia kukudanganya wewe kuhusu shule? Na wewe unayesimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha, somo lako la kwanza limeanza kwa uongo juu ya nchi yako. Ukigundulika, anayefukuzwa ni wewe, na mwalimu mwingine wa Kitanzania atakayekuja kesho na vyeti halali atakuta amekwishachafuliwa jina.

Nimesema hili Tabora kwa makusudi. Baada ya Makerere, Julius Nyerere alirudi mji huu akafundisha katika shule ya St. Mary's, ambayo leo ni Sekondari ya Mihayo, kati ya 1946 na 1949. Masomo yake yalikuwa Biolojia na Kiingereza. Alifundisha Kiingereza akiwa Mzanaki wa Butiama, bila kujificha, na wanafunzi wake walikijua Kiingereza. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikwenda na jina lake.

Sita: "Basi tukae hapa tufe njaa?"

Hapana. Simwambii mtu asisafiri. Mnyamwezi kuambiwa asisafiri ni kumtukana. Wala sisemi kila wakala ni mwizi. Wapo wenye leseni wanaolipwa na mwajiri na wanaofanya kazi kwa uaminifu. Ninachopinga ni imani kwamba bila kumlipa mtu wa kati hakuna safari, na ninaipinga kwa sababu inamfanya mwalimu msomi asome kila kitu isipokuwa karatasi inayohusu maisha yake.

Kazi nyingi ambayo wakala anakutoza unaweza kuifanya mwenyewe kwa siku chache. Hati ya polisi ya kuthibitisha tabia njema hutolewa na polisi. Uhakiki wa vyeti una ofisi zake za serikali, na ada zake zina risiti. Masharti ya viza yako kwenye tovuti ya ubalozi. Serikali ina chombo chake cha huduma za ajira ambacho kazi yake ni kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri. Kabla ya kumpa mtu binafsi hata shilingi moja, uliza huko na katika wizara inayohusika na kazi kama anayo leseni ya kupeleka watu nje.

Na liko jambo ambalo rai hii imetufumba macho tusilione. Mpwa wangu ana shahada ya masomo mawili. Anakimbilia kuuza Kiingereza, lugha ambayo sheria za nchi nyingi zinamhesabu kuwa si mwenyewe, na ameiacha kabatini ile ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya umilisi wake. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. SADC ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, uliwapeleka walimu vijana wa Kitanzania kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, na walimu wa Kiingereza walikuwa miongoni mwa walioalikwa kuomba. Maombi yalipitia ubalozi bila ada, na nauli na posho zililipwa na mpango wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili ambamo mwalimu anaweza kujisajili. Nafasi hizo si nyingi na ushindani ni mkali. Lakini sharti la lugha ya mama, lile linalomfungia mlango akiwa mwalimu wa Kiingereza, ndilo linalomfungulia akiwa mwalimu wa Kiswahili. Sijamsikia wakala hata mmoja akimwambia kijana jambo hilo, maana halina ada.

Mpwa wangu alikataa kusafiri kwa viza ya utalii. Alipodai fedha ya awamu mbili, shilingi 800,000, aliambiwa ada ya usajili hairudishwi. Amerudi kwenye sekondari yake ya kata. Amejisajili BAKITA na anajiandaa kufanya mtihani wa lugha kwa fedha anayoipata akifundisha tuisheni jioni. Baba yake msimu huu amelima ekari moja zaidi ya tumbaku ili kuziba pengo.

Mwalimu unayesoma haya ukiwa umeshika simu, namba ya wakala imeshaandikwa na kiasi kimeshajazwa, usibonyeze kwanza. Uliza shule inaitwaje. Uliza viza ni ya aina gani. Uliza pasipoti yako itakaa kwa nani. Halafu uliza swali ambalo mpagazi wa Unyanyembe hakuanza safari bila kupata jibu lake: nani analipa? Kama jibu ni wewe, tua mzigo.